Tyubu ya Zubeda

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na leso mbili, kisha mkaniomba niwaandikie machache juu ya siku za mwanzo za kazi yetu ya maabara, kabla ya mashine, na kabla wengi wenu hamjazaliwa. Saa nimeitundika sebuleni. Leso moja nimempa dada yangu, maana alianza kuitupia macho tangu mlangoni. Maandishi ndiyo yaliyochelewa. Kila nikianza kuandika juu ya kazi najikuta naandika juu ya Zubeda, na kila nikiandika juu ya Zubeda roho inaniuma vile vile ilivyoniuma nikiwa msichana. Nimejaribu kumtoa, nikaona hakuna cha maana kinachobaki. Basi mtamsoma, na wivu wangu mtausoma pamoja naye.

Mimi ni Kadzo wa Kakuyuni, hilo mnalijua. Nilifika Kilifi katikati ya miaka ya themanini, nimetoka shule, sijawahi kushika kioo chembamba kuliko chimni ya taa. Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya wodi, na mkuu wake alikuwa Bwana Mutua, mtu wa Machakos, mrefu, mpole wa sauti, asiyetaka feni. Alisema feni inakausha vioo upande mmoja. Kwa hiyo vioo vilikauka sawasawa na sisi tukatota kwa jasho. Sote tulimwita Mwalimu.

Siku ya kwanza alinipa ndoo ya vioo vya hadubini, sabuni, spiriti na kipande cha shuka kuukuu. "Osha," alisema. "Ukimaliza shika moja kwa dirisha. Ukiona alama ya kidole yako, rudia." Nilirudia mpaka saa ya chai, na kesho yake, na siku zilizofuata. Nilidhani ananipima uvumilivu. Baadaye nikaelewa kwamba hapakuwa na mtihani wowote, Mwalimu alichukia alama za vidole tu.

Nilikuwa nimeshazoea kusoma vioo vya malaria ulipokuja mradi wa utafiti. Madaktari waliotoka ng'ambo walitaka kujua malaria inazifanya nini seli nyeupe za mtoto, zile zinazopigana na ugonjwa. Shida ni kwamba seli hizo ziko za aina nyingi na chini ya hadubini ya kawaida zote zinafanana. Kinachozitofautisha ni vipokezi vilivyo juu ya ngozi ya seli, vidogo mno kuonekana. Kwa hiyo ilitumika kingamwili iliyofungwa rangi. Kingamwili moja inashika kipokezi kimoja tu, kingine haikigusi, na ukiipiga mwanga wa buluu ile rangi inawaka kijani. Unahesabu seli ngapi zimewaka na ngapi zimebaki giza. Ninyi leo mnaachia leza ihesabu. Sisi tulihesabu kwa macho, na jioni ukifumba macho unaendelea kuziona.

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya mashuka. Mwalimu alitundika pazia la kitambaa cheusi mlangoni, akaweka hadubini na taa yake ya zebaki, ambayo ukishaizima huruhusiwi kuiwasha mpaka ipoe. Kingamwili ilikaa kwenye friji yenye kufuli, na ikitoka lazima ikae juu ya barafu na mbali na mwanga. Stima ikipotea tulituma mtu hoteli moja ya Bofa kuomba barafu. Sijui watalii walikunywa nini siku hizo. Glavu zilikuwa chache, tukiziosha na kuzitia poda, nazo ziliwekwa kwa ajili ya kutoa damu wodini. Mezani tulifanya kazi kwa mikono mitupu. Msishtuke, ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ile ilikuwa ya mikono kuliko ya akili. Ili kupata seli nyeupe, lazima umimine damu juu ya maji mazito ya dawa polepole, ikae juu bila kuchanganyika. Mikono yangu ilikuwa ya jembe. Mara nyingi damu ilizama, nikaanza upya ikiwa imebaki ya kuanzia. Mwalimu hakunigombeza. Aliguna tu.

Ndipo akaja Zubeda. Alikuwa wa Mambrui, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mdogo wangu kwa mwaka hivi. Aliingia amevaa buibui, akasema, "Shikamoo Mwalimu," kwa sauti iliyomfanya Mwalimu Mutua, aliyezoea kuitwa kwa kelele, asahau kuitikia marahaba. Aliosha vioo siku moja. Siku ya pili Mwalimu alimpa damu amimine, na damu ikakaa juu ya maji mazito, mstari umenyooka, bila hata kutikisika. Mwalimu alitazama kwa muda, kisha akaniita mimi nije nione. Mimi, niliyekuwa pale kabla yake.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Hesabu zake zililingana na za daktari, zangu zilikaribia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata Mwalimu akampa yeye kazi ya kuwaeleza akina mama kwa nini tunaomba damu ya watoto wao, na mama waliokuwa wamenikatalia mimi walimkubalia yeye, na juu ya hayo wakambariki. Akifanya kazi aliimba kwa sauti ya chini. Na alikuwa mzuri wa sura, jambo ambalo kwenye chumba cha giza halina faida, lakini lilinichoma hata humo.

Ubaya zaidi ni kwamba alikuwa na moyo mwema. Kila Jumatatu alileta mkate wa sinia aliopika mama yake, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Siku moja nilichoka kujizuia, nikamwambia huku natafuna, "Zubeda, mimi nakuonea wivu."

"Nnajua," alisema. "Kula."

Nikala.

Mwaka uliofuata tukapata habari za mashine. Huko ng'ambo, katika maabara ya wale waliogharimia mradi, palikuwa na mashine inayozipitisha seli moja moja mbele ya mwali wa leza na kuzihesabu kwa maelfu kabla wewe hujamaliza kupangusa miwani. Mmoja wetu angepelekwa kujifunza. Daktari mkubwa wa mradi alikuwa anakuja, na yeye ndiye angemchagua, akisikiliza neno la Mwalimu.

Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyokitaka kiti kile mbele ya mashine. Ng'ambo yenyewe sikuijali, baridi yao nilikuwa nimeisikia. Niliitaka mashine kwa sababu niliamini kwamba mashine haijui mikono ya nani ni laini na ya nani ina sugu. Mbele ya leza, nilijiambia, mimi na Zubeda tungekuwa sawa.

Katikati ya kungoja huko Zubeda akaolewa. Tulialikwa sote. Nilikwenda Mambrui na zawadi ya sufuria, nikakaa uani na wanawake, nikapewa kinu. Bibi harusi wa huko hupakwa singo, dawa ya kusugua mwili yenye liwa, manjano na vitu vya kunukia, ngozi ing'ae. Manjano yakatwangwa na mimi na shangazi yake mmoja. Tulicheka sana siku ile, na kwa muda mfupi nilisahau kumwonea wivu. Kisha walimtoa nje amepambwa, nikakumbuka.

Alipokuwa fungateni ufunguo wa friji ya kingamwili nilikaa nao mimi. Aliporudi kazini nilimkabidhi, akanishukuru, akaanza kazi. Na siku hiyo hiyo tyubu zake zikaharibika.

Hapa lazima nieleze kidogo. Damu ya kila mtoto tuliigawa katika tyubu kadhaa, vile vichupa vyembamba vya kioo, na moja kati yake tuliifanyia kila kitu isipokuwa kuitia kingamwili. Hiyo ni tyubu ya kupimia. Ukiitazama lazima iwe giza tupu. Ikiwaka, huwezi tena kuamini zile nyingine. Tyubu ya kupimia ya Zubeda iliwaka. Seli zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, rangi ya kijani iliyoelekea njano. Kesho yake tena. Tyubu zangu, meza hiyo hiyo, barafu hiyo hiyo, zilikuwa giza.

Mwalimu aliniita nyuma, karibu na sinki.

"Kadzo, ufunguo ya friji ilikuwa na nani Zubeda akiwa harusini?"

"Ulikuwa nami, Mwalimu."

"Na tyubu za Zubeda zinawaka. Zako haziwaki."

"Nimeziona."

"Mimi sijasema kitu."

"Lakini umeuliza habari za ufunguo."

Alikuna shingo. "Watu wanasema nyinyi wawili hamsikizani."

"Mimi namsikia kutwa nzima. Yeye ndiye anayeimba."

Hakucheka. Aliniambia kwamba damu ile ilikuwa ya watoto wawili wagonjwa sana, na mama zao walikubali kwa shida. Mtoto akishapewa dawa, damu yake ya jana hairudi. Mtu akitia rangi katika tyubu isiyotakiwa amewaibia wale watoto, na daktari akifika lazima ajue ni nani. Hakutaja jina langu. Alitazama sinki.

Sikulala vizuri. Sikuwa nimefanya lolote, lakini ningesema nini? Kila mtu pale hospitalini, mpaka mpishi, alijua ninavyomtazama Zubeda. Wivu wangu ulikuwa umeshatoa ushahidi kabla mimi sijaitwa. Niliona narudi Kakuyuni na jina la mtu aliyechezea damu ya watoto, na mama yangu akiulizwa sokoni. Kwa mara ya kwanza safari ya mashine niliisahau kabisa. Nilitaka tu niaminiwe.

Asubuhi Mwalimu alifanya jambo ambalo bado namheshimu kwalo. Alikunja mkono wa shati, akajitoa damu yake mwenyewe, akaigawa mara mbili. Alifungua chupa mpya ya kingamwili aliyoitunza mwenyewe ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Akaniketisha upande mmoja wa meza na Zubeda upande wa pili, akasimama katikati.

"Kila mtu afanye vile hufanya kila siku," alisema.

Tukafanya. Nataka mwelewe jinsi tulivyochanganya tyubu wakati ule, kwa sababu vifuniko havikuwapo. Mwalimu alitufundisha kuziba mdomo wa tyubu kwa dole gumba na kuipindua juu chini, taratibu. Zubeda alifanya hivyo, kwa madaha yake yote. Mimi sikuweza. Dole langu gumba lina kovu la panga tangu utotoni, limeingia ndani, haliwezi kuziba, maji huvuja. Kwa hiyo tangu mwanzo niligonga sehemu ya chini ya tyubu kwa kidole mpaka ichanganyike, na Mwalimu alikuwa akiguna kila akiniona. Siku ile hakuguna.

Tukaingia chumba cha giza watatu. Mwalimu akatazama tyubu yangu ya kupimia kwanza. "Giza," alisema. Akaweka kioo cha Zubeda, akainama, akaona kinawaka. Kisha akanyanyua kichwa, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa mbele yake muda wote, mikono yangu ilikuwa juu ya meza, na bado alinigeukia mimi. Hilo limenikaa rohoni kuliko yote.

"Hebu nami nitizame," alisema Zubeda.

Akakaa, akatazama, kisha akanyoosha mkono kukitoa kioo. Ule mwanga wa buluu unashuka kutoka kwenye lenzi hadi pale kioo kinapokaa, na mkono wake ulipopita chini yake, dole gumba likawaka. Niliona. Yeye pia aliona, maana alisimamisha mkono pale pale. Akaligeuza dole. Pembezoni mwa ukucha palikuwa na mstari wa kijani unaong'aa, na mikunjo ya ngozi yote ilionekana mmoja mmoja.

Angeweza kuuondoa mkono. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi, asingejua. Nami ningesema, nani angeniamini?

"Mwalimu," alisema, "njoo utizame hapa. Ni mimi. Ni manjano ya singo. Mamamkwe anipaka kila jioni, naosha lakini hayatoki. Nimeziba tyubu kwa dole hili."

Mwalimu alitazama dole, kisha akaweka lake mwenyewe chini ya mwanga. Giza. Akaniomba nami niweke langu, lenye kovu. Giza.

"Kadzo hajafanya kitu," alisema Zubeda, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na lau mungeniuliza mimi kwanza, ningewambia kwamba hawezi."

"Wewe unajuaje?" aliuliza Mwalimu.

"Kwa sababu akinionea wivu hunambia."

Mwalimu aliniomba msamaha pale pale, gizani, kwa Kiswahili chake cha Machakos, na kwa unyenyekevu ambao sijauona kwa wakubwa wengi tangu wakati huo. Niliupokea. Lakini masikio yangu yalikuwa bado kwa Zubeda. Nilikuwa nimeokoka, na aliyeniokoa alikuwa yeye. Hata jina langu jema ilibidi nilipokee kutoka mkononi mwake, mkono ule ule. Nilimshukuru baadaye kwenye sinki, akisugua kucha kwa ndimu na brashi. Aliniuliza nashukuru nini, na nikaona kweli hajui.

Daktari mkubwa alipofika, Zubeda alimweleza mwenyewe kabla hajaketi. Alimwambia tyubu za watoto wawili zimepotea na kwamba kosa ni la dole lake. Daktari alifurahi kupita kiasi. Aliagiza manjano kutoka jikoni, akayaweka chini ya hadubini, akaita wenzake waje waone. Kisha akamchagua yeye. Alisema mashine ile inamtaka mtu anayekishuku kidole chake kabla ya kumshuku mwenziwe.

Mimi sikuwa nimemshuku mtu. Sikuwa nimeharibu tyubu hata moja wiki ile. Aliyeharibu akapanda ndege, nami nikabaki na ndoo ya vioo. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi, nimelea watoto, na bado nikilikumbuka hilo nakasirika. Mkitaka niseme yamepita, siwezi.

Zubeda hakurudi kwetu. Mafunzo yalipokwisha mumewe alikuwa amehamia Mombasa, naye akapata kazi huko, akafundisha wengi. Nilimkuta Mambrui siku ya Idi, nikamuuliza juu ya mashine, kama kweli haijui mikono ya mtu. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ile ni mbaya kumshinda Mwalimu," alisema. "Ukigusa kitu, huona." Kwa hiyo hata hilo nililolitaka halikuwapo.

Mashine yetu ilikuja baadaye sana, na nilikaa mbele yake mpaka mliponiaga. Nilikipata kiti, mnaweza kusema. Lakini kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Zubeda alipokuwa ng'ambo, Mwalimu Mutua aliweka kanuni mpya. Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mtoto yeyote, aliye zamu atengeneze tyubu moja bila kingamwili, aizibe kwa dole lake gumba, aipindue (mimi niliachiwa nigonge), kisha itazamwe. Ikiwa giza, kazi iendelee. Tyubu hiyo Mwalimu aliiita Zubeda. "Zubeda amelala?" aliuliza kupitia pazia, na sisi tulijibu, "Amelala, Mwalimu." Vifuniko vikaja, glavu zikaja, pazia likatolewa, Mwalimu akastaafu kwao na kufariki huko. Jina likabaki. Ndiyo ile herufi Z mnayoandika kwenye tyubu ya kwanza kila asubuhi. Mmoja wenu aliniambia ni jina la kampuni inayotengeneza tyubu. Sikumsahihisha.

Fikirini kidogo. Nilifanya kazi maisha yangu yote mle ndani na hakuna hata ndoo iliyopewa jina langu. Yeye aliharibu tyubu siku mbili na jina lake limeandikwa kila asubuhi tangu hapo, tena kwa mkono wangu. Jina la mume wangu sijaliandika mara nyingi hivyo.

Zubeda hajui. Alikuwa ng'ambo jina lilipoanza, na tangu hapo kila Idi nimekaa barazani kwao Mambrui, nimekula halua yake, nimerudi nyumbani bila kumwambia. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuwa nacho ambacho yeye hana, nikakibana.

Mwezi ujao nitamleta maabara. Amekuwa akiomba kuiona mashine yetu, nami nimekuwa nikimpa visingizio. Anatembea polepole siku hizi na macho yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hiyo msiandike Z. Andikeni jina zima, kwa herufi kubwa, na tyubu muiweke mezani, jina lielekee mlangoni. Msimweleze kitu, mwacheni aulize. Mimi nitakuwa nyuma yake.